Minyoo, Simu na Macho ya Mzee

Kazi yangu ni kutazama minyoo wakiogelea. Nikisema hivyo kwenye harusi, watu husogeza viti vyao kidogo, kwa hiyo siku hizi naanza na kueleza kwamba si minyoo wa tumboni. Ni wale wadogo wa udongoni, wanaoingia kwenye mizizi ya nyanya na kuifanya ivimbe vifundo vifundo kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi. Mmea ulioshambuliwa hunyauka mchana hata kama ulimwagiliwa asubuhi, na mwenye shamba hulaumu jua, mbegu, au jirani aliyepita na kusifia.

Maabara yetu ni chumba kimoja mjini Arua, Uganda, upande wa Oli, mahali ambapo nyumba na vishamba vya mboga vinasukumana mpaka ukingoni mwa mto. Ukuta mmoja tunapakana na mashine ya kusaga unga. Wakati huo tulikuwa wawili tu: mimi na mkuu wangu, ambaye kila mtu alimwita Mzee. Ni Mkakwa wa Dranya, kule Koboko, na ujana wake aliumaliza kwenye mashamba ya tumbaku akiwafundisha wakulima. Adui yake wa siku zote alikuwa mnyoo huyu. Siku yangu ya kwanza kazini aliniambia, "Binti, mimi najua huyu mutu kuliko najua shemeji zangu." Hakuwahi kumwita mnyoo. Alimwita mutu, kwa lafudhi ya ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na kwa heshima fulani.

Tulichotaka kujua ni kitu rahisi. Watu wa kwetu wana dawa nyingi za kumwaga shambani: majivu, pilipili, maji ya majani haya na yale. Zipi zinamuumiza mnyoo kweli, na zipi zinamuosha tu? Unakatakata mizizi, unailaza juu ya karatasi laini kwenye chujio, unaweka chujio ndani ya sahani ya maji, na ukirudi kesho minyoo wameshuka wenyewe. Unachukua tone, unaliweka chini ya hadubini, na hapo unaona kama nyuzi za kioo zinazojikunja huku na huku. Mnyoo mwenye afya huogelea kwa kujipinda kama herufi S isiyotulia. Akilewa dawa hupunguza mwendo. Akifa hunyooka kama sindano.

Basi sisi tulihesabu mapindo. Unamchagua mnyoo mmoja, unamkazia macho kwa nusu dakika, na kila anapojipinda unabonyeza kidude kwa kidole gumba. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Ukipiga chafya unaanza upya.

Shida ilikuwa kwamba mimi na Mzee hatukukubaliana. Tunamtazama mnyoo yuleyule, zamu kwa zamu, na hesabu yangu inaizidi ya kwake kwa mbali. Mwanzoni tulicheka. Baadaye tukanuniana.

"Wewe unahesabu hata mutu akipumua," aliniambia.

"Na wewe, Mzee, unamwacha anapita."

"Mimi nilianza hii kazi wewe bado hujazaliwa."

Nikaenda kuchemsha chai.

Wiki hizo jicho langu la kushoto lilianza kucheza lenyewe kwa uchovu. Shangazi yangu, ninayeishi naye, aliliangalia kwa furaha akasema kuna mgeni njiani. Sisi ni Wanubi, babu zetu walikuja na jeshi kutoka Sudani, na Shangazi ana tafsiri ya kila kitu kinachotikisika mwilini.

Mgeni alikuja kweli. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Lobule, hukohuko Koboko, ambako watoto wa wenyeji na watoto wa wakimbizi wanasoma dawati moja. Yeye mwenyewe alivuka kutoka Sudani Kusini pamoja na mama yake. Alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa mizizi ya nyanya kutoka bustani ya shule, yote ina vifundo, akaumwaga mezani mbele yangu bila salamu ndefu.

"Hii ni ugonjwa gani?"

Nilimweleza. Akanisikiliza vizuri, lakini macho yake yalikuwa kwenye kidole gumba changu, maana nilikuwa katikati ya kuhesabu na niliendelea kubonyeza huku nikiongea.

"Na wewe unafanya nini?"

"Nahesabu mapindo."

Aliinama kwenye hadubini, akatazama muda mrefu, akaanza kucheka hadi akashika meza. "Dada! Kila siku?"

"Kila siku."

"Hii kazi simu inaweza. Simu haichoki, na haipepesi macho."

Mzee, aliyekuwa dirishani akijifanya anasoma, alisema bila kugeuka, "Simu iko na macho, lakini haina akili."

"Akili tutaipa, Mzee," Mwalimu akamjibu kwa upole.

Alikuwa amejifunza kuandika programu peke yake, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, katika miaka ambayo alisema hakukuwa na kazi nyingine ila kungoja. Alianza kuja Arua siku za Jumamosi, akiwa na laptopu kuukuu iliyofungwa kwa leso. Kazi ya kwanza ilikuwa kuifunga simu juu ya hadubini isitikisike. Tulijaribu mbao, tukajaribu waya, mwishowe tukakata tundu kwenye soli ya ndala ya zamani na simu ikakaa kama imezaliwa pale. Mpaka leo mgeni akiingia maabara huanza kuuliza habari za ndala.

Kisha ikabidi kuifundisha kompyuta mnyoo ni nani. Kwa mtu ni rahisi, kwa mashine si rahisi hata kidogo. Haijui tofauti ya mnyoo na unywele, mnyoo na kipande cha jani, mnyoo na mkwaruzo wa kioo. Mwalimu aliniwekea picha nyingi kwenye laptopu, nami nikachora mstari juu ya kila mnyoo kuanzia kichwani hadi mkiani, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikawa nikifumba macho ninawaona. Nilichora waliojikunja, waliopishana, waliojificha chini ya povu. Mwalimu alisema mashine hujifunza kama wanafunzi wake: ukiwapa mifano rahisi tu, siku ya mtihani wanakushangaza.

Siku tuliyoijaribu kwa mara ya kwanza, ilimtangaza mwogeleaji hodari kuliko wote. Tulipomtazama kwa karibu, alikuwa uzi wa ushungi wangu.

Tukaongeza mifano ya nyuzi. Mashine ikatulia, ikaanza kuwashika minyoo wa kweli, na kwa kila mmoja ikachora kwenye kioo mstari unaopanda na kushuka kulingana na jinsi kichwa chake kinavyokwenda huku na huku. Nilipouona mstari ule ukijichora wenyewe, na kidole gumba changu kimelala mapajani, nilitaka kumkumbatia mtu. Nikamkumbatia Mwalimu.

Mzee akaomba kuijaribu kwa njia yake. Alichukua minyoo, akawamwagia maji ya moto, wakanyooka wote kama pini. "Haya," alisema. "Hesabu hawa."

Mashine ikahesabu. Ikasema wafu wanaogelea, tena vizuri.

Sijawahi kumwona Mzee amefurahi vile. Alitoka nje, akawaita watu wa mashine ya kusaga, akawaambia, "Njoo muone! Huyu mwalimu iko na simu inafufua wafu!" Wakaja na vumbi la unga kichwani, wakatazama minyoo, wakampa Mwalimu pole. Yeye alitabasamu tu, lakini niliona mikono yake inakunja leso na kuikunjua.

Wiki nzima tulitafuta kosa. Tulibadilisha taa, tukabadilisha maji, tukachora upya. Wafu waliendelea kuogelea. Jibu nililipata Ijumaa, na sikulipata kwa akili. Mwenye mashine ya kusaga alizima injini yake, akanawa, akaenda msikitini. Kimya kikashuka. Nami nilikuwa nimesahau simu inarekodi, na nilipotazama, mstari uliokuwa ukipanda na kushuka ulikuwa umelala chini kabisa kama mtu aliyekufa anavyopaswa. Injini iliporudi, wakafufuka tena.

Nilimpigia Mwalimu Koboko papo hapo. "Si minyoo! Ni mashine ya unga! Meza inatikisika!"

Akasema taratibu, kama anaandika ubaoni, "Sisi tunapima kichwa kinahama wapi. Meza ikitikisika, kichwa kinahama. Lakini mwili haupindi." Nikamsikia anavuta pumzi. "Dada, tulikuwa tunapima kitu kisicho chenyewe. Tupime pindo la mwili, siyo safari ya kichwa."

Alibadilisha programu. Ikaanza kutazama mwili mzima, na kupima umejipinda kiasi gani kati ya kichwa na mkia. Mzee akaleta wafu wake tena, injini ikiwa inanguruma, na mashine ikasema: hakuna anayeogelea. Mzee akajikuna kidevu. "Sasa imeanza kuwa na akili," alisema. Kwa Mzee, hiyo ni hotuba.

Hapo ndipo Shangazi alipoingia na jani lake. Ana kishamba cha nyanya na biringanya karibu na mto, na siku zote hukimwagia maji aliyoloweka jani moja chungu linaloota kando ya maji, lenye jina la Kinubi na ambalo kwa Kiswahili sijawahi kupata mtu wa kuniambia linaitwaje. Alikuwa ameniomba mara nyingi nilipime. Siku aliyolileta, Mwalimu naye alikuwepo, na wale wawili hawakuhitaji mimi kuwatambulisha. Kiarabu cha Juba na Kinubi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo walikuwa wameshafika kwenye habari za mapishi kabla sijapata kiti.

Tuliwaweka minyoo kwenye maji ya jani tukangoja. Mzee alitazama wa kwanza kwenye hadubini, akanyoosha mgongo, akatoa hukumu. "Wamekufa. Wote. Mama, hii dawa yako inaua."

Shangazi akapiga kigelegele hadi watu wa mashine ya unga wakachungulia mlangoni.

Mwalimu alikuwa anatazama laptopu. "Mzee, samahani. Inasema wanajipinda. Polepole, lakini wanajipinda."

"Inafufua tena."

"Injini imezimwa, Mzee. Umeme umekatika tangu asubuhi."

Mzee akanigeukia. "Binti, tazama wewe."

Nilitazama. Walikuwa wanatembea. Kwa uvivu sana, kama mtu anayegeuka kitandani, lakini hakukuwa na shaka. Sikujua niseme nini mbele ya Shangazi, nikasema tu, "Wapo wanaotikisika kidogo, Mzee."

Mwalimu aliigeuza laptopu kumwelekea, akamkuza mnyoo mmoja mpaka akajaa kioo kizima. Mzee akainama. Akasogea. Akasogea tena, mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, na mkono wake ukawa unapapasa ukingo wa meza.

"Iko wapi?"

"Huyu hapa, Mzee. Huu mstari."

Mzee akakaa kitini na kuvua miwani yake, akaanza kuifuta kwa shati, ingawa ilikuwa safi. Mimi nilielewa pole pole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mapindo yote yale niliyodhani anayapuuza kwa ukaidi, hakuwa ameyaona. Mwalimu, nadhani, alikuwa ameshaelewa zamani. Alikuwa amelinganisha hesabu zetu na za mashine na hakusema neno.

"Toka mvua ya mwaka jana," Mzee alisema, akiitazama sakafu, "naona kama niko jikoni na kuni mbichi. Moshi tu. Nilisema itapita." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Mutu wa hadubini bila macho ni mutu wa nini?"

Aliyemjibu alikuwa Shangazi, ambaye hana subira na huzuni ya watu wengine.

"Ni hiyo tu? Hiyo ni mtoto wa jicho! Mimi nilitolewa yote mawili. Unalala, wanakufanyia, unaamka, kesho wanafungua. Mimi nilipofunguliwa nilirudi nyumbani nikaona kuta zangu. Mzee, nililia! Uchafu! Na huyu," akaninyooshea kidole, "alikuwa ananiambia nyumba iko safi."

Mzee alijaribu kutocheka. "Wanachoma sindano ndani ya jicho?"

"Hata huoni, maana jicho ndilo lenye ugonjwa."

Hoja ile haikuwa na mantiki yoyote, lakini ilifanya kazi. Mke wa Mzee alikuja kutoka Dranya, na Shangazi akawaongoza wote wawili hospitalini kama mwenyeji anayeonyesha wageni mji. Mimi nilibaki maabara na hofu yangu. Nilikuwa nimezoea kunung'unika juu ya Mzee kiasi kwamba sikujua chumba kingekuwa kipana vile bila yeye.

Wakati Mzee yuko nyumbani akipona, mimi na Mwalimu tuliendelea na jani. Tuliweka minyoo wapya, wakazidi kupunguza mwendo mpaka kesho yake mashine ikaonyesha mstari uliolala kabisa. Safari hii hata mimi niliamini wamekufa. Lakini Mwalimu ana tabia ya kuuliza swali moja zaidi. "Tukiwaosha?" Tukawaosha, tukawatia kwenye maji safi, tukaacha simu irekodi huku tunakula mihogo. Tuliporudi, mstari ulikuwa unainuka. Pindo moja. Kimya. Pindo jingine. Kufikia jioni walikuwa wanaogelea kama hakuna kilichotokea.

Nilijua ni mimi nitakayempelekea Shangazi habari. Nilimkuta anasuka kawa ya kufunikia chakula, nyuzi za rangi zimemzunguka. Nikamweleza yote: jani haliui, linawalewesha tu, wakioshwa wanaamka. Nilitegemea atanuna. Aliendelea kusuka.

"Kwa hiyo wanalala."

"Wanalala, Shangazi."

"Na wakilala, wanakula mizizi?"

"Hapana. Hawawezi hata kuingia."

"Sasa shida iko wapi? Mtoto akilala ndiyo mama anapata nafasi ya kupika. Akiamka, unambembeleza tena." Akanikazia macho, yale macho yake mapya yanayoona kila vumbi. "Mimi sijawahi kumwaga mara moja. Namwaga mpaka nyanya inakuwa na nguvu. Hamkuniuliza."

Kweli hatukumuuliza. Nilimpigia Mwalimu, na huo ndio ukawa mpango wa bustani ya shule: kumwagia maji ya jani tena na tena wakati miche bado michanga na mizizi yake laini, kisha kuiacha ikue. Mstari mmoja wa nyanya tuliuacha bila dawa, tupate kulinganisha.

Mzee alirudi kazini na miwani ya jua ya mke wake, yenye maua pembeni. Aliivua mlangoni, akatazama chumba chote, dari, dirisha, kisha akanitazama mimi.

"Binti, kumbe umeanza mvi."

"Karibu tena, Mzee."

Akaenda moja kwa moja kwenye hadubini. Nilikuwa nimemwekea tone bichi. Alitazama bila kupumua, kidole chake kikaanza kubonyeza, na aliponyanyuka tulilinganisha na mashine. Hesabu hazikuachana sana. Alirudi kutazama tena, bila kubonyeza safari hii, na nikamsikia anamsalimia yule mnyoo kwa Kikakwa, salamu ndefu ya watu waliopotezana.

Nyanya zilipoiva tulikwenda Lobule mimi, Mzee na Shangazi, naye Shangazi alikaa mbele ya gari kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia akae nyuma. Mwalimu alikuwa ametandika shuka jeupe ukutani mwa darasa, akaonyesha minyoo wakiogelea, wakubwa kama nyoka. Watoto walipiga mayowe, kisha wakaanza kuwaiga, darasa zima likijipinda kati ya madawati mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini, naye akabaki kutazama.

Baadaye tulitoka kwenda bustanini kung'oa mizizi. Mstari usio na dawa ulikuwa umenyauka, mizizi yake yote mafundo. Iliyomwagiwa haikuwa safi kabisa, nisidanganye. Vifundo vilikuwepo, hapa kimoja na pale kimoja, lakini mizizi ilikuwa mirefu na myeupe na juu yake nyanya zilining'inia nzito. Mzee alipiga magoti udongoni na suruali yake nzuri, akaushika mzizi mmoja juani, akaugeuza huku na huku.

"Msimu ujao mupande mahindi hapa," aliwaambia watoto. "Huyu mutu hapendi mahindi. Atalala njaa."

Shangazi alikuwa ameshapasua nyanya kwa kisu na kuitia chumvi. Akaipitisha kwa kila mtu, tukala tumesimama, maji yakitiririka hadi kwenye viwiko. Mwalimu, mdomo umejaa, aliniuliza kama nimewahi kuona mizizi ya maharage ya jirani yake, maana nayo ina vifundo, na havifanani na hivi. Nikamwambia vifundo vya maharage vingine ni vya kawaida, vinausaidia mmea, mpaka tuvipasue ndipo tujue. Hakungoja nimalize. Alikuwa ameshaanza kuruka matuta kuelekea uani kwa jirani, akimwita mwenye nyumba kwa sauti, na Mzee nyuma yake akimwambia asivute kwa nguvu, achimbe.